Mpaka

Jaji alisoma kwa sauti ya mtu mwenye mafua:
utanyongwa mpaka ufe.
Karani akagonga mhuri. Nje, Kisumu iliendelea kuuza samaki.
Katika yote yale nilisikia neno moja tu,
mpaka,
nikageuka kumtazama mama.

Maana hilo ndilo lililotumaliza.
Safu tatu za mkonge, kule Maragoli,
kati ya migomba yangu na migomba ya Vugutsa.
Baba alizipanda kwa uzi na vigingi,
akafa akidhani ametuachia amani.
Kisha mkonge ukatembea.
Mkonge hauna miguu, nilimwambia ndugu yangu.
Naye akasema: mwenye miguu namjua.
Panga lilikuwa mkononi kwa ajili ya majani ya ng'ombe.
Hilo ni kweli. Nimelisema hadi limechakaa,
siku hizi silisemi.

Niliua. Liandikwe hivyo, bila lakini.

Hapa Kodiaga taa haizimwi.
Miaka kumi na minne sijalala gizani.
Msimu wao ukifika, wadudu wa ziwa huingia kama moshi,
hufia kwenye balbu, huangukia uji.
Zamani tuliwatoa kwa kidole.
Asubuhi tunachuchumaa tano tano tuhesabiwe,
kana kwamba usiku mmoja wetu angeweza kuzaa.

Mzee Nyabola wa Alego alisali kwa kelele,
akimkemea shetani hadi afande agonge mlango kwa rungu.
Hukumu yake kama yangu. Kamba haikumfikia.
Kifua ndicho kilichomnyonga, mwezi wa nne, mvua ikipiga mabati,
kichwa chake mapajani mwangu.
Nilianza Baba Yetu, nikasahau katikati.
Akanimalizia yeye.

Utotoni nilisokota kamba na mama.
Tulipara mkonge, tukaanika, tukasokotea pajani,
malaika ya paja yakiondoka nao.
Soko zima la Luanda lilizijua kamba za Kageha.
Kamba njema, alisema, haimuumizi ndama.
Wenzangu wananiambia usiku mikono yangu husokota hewa.
Sijui nasokota ya nani.

Wahubiri huja Jumapili na gitaa na sabuni.
Hutuambia tumesamehewa, huondoka kabla ya saa nane.
Sabuni naipokea kwa mikono miwili.
Huo msamaha nimeukunja nikauweka kando
kama shati la kuazima: zuri, linanitosha,
ila mwenye shati yuko udongoni, sikumwomba.

Afande mmoja anaapa kwamba mtambo wa kunyongea umeshika kutu.
Mwingine anaapa kwamba hupakwa mafuta kila Krismasi.
Mungu wangu anakaa kati ya maafande hawa wawili.
Hapo ndipo ninapomsemesha,
mara nyingi bila maneno, nikifua.

Mama huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno.
Mama wa aliyekufa na mama wa atakayekufa
hupanda gari moja, hulipa nauli ya mtu mmoja.
Ng'ambo ya wavu hunieleza habari za mvua ya mawe,
ng'ombe aliyeharibu mimba, bei ya mbolea.
Jina la Vugutsa halijawahi kuvuka wavu ule.

Mwaka huu alikaa kimya hadi muda ukakaribia kwisha.
Kisha akasema: mkonge nimeung'oa.
Wote?
Wote. Nililipa vijana wawili, mizizi ikawatoa jasho.
Nimepanda viazi, kwako na kwake, shamba moja.
Mpaka wapi, nikauliza.
Mpaka kijitoni, akasema, na kwa mara ya kwanza
neno hilo likapita baina yetu bila kumkata mtu.

Aliniachia viazi viwili.
Afande alivitoboa toboa kwa waya, akitafuta sijui nini.
Nilimpa mgeni wa seli kimoja,
changu nikala na maganda yake.
Kilitoka upande gani, sikuuliza.